Shokapu ya Usukani wa Mahat

Maneno yenyewe Timiro aliyasikia sokoni Jumatatu asubuhi, na mpaka Ijumaa yalikuwa bado hayajamtoka kichwani. Saynab ndiye aliyeyaleta. Saynab huuza maziwa hatua tatu kutoka kwa Timiro pale Soko Mugdi, na hajawahi kulala na habari moyoni. Alisema hizi baiskeli za milimani, hizi zenye matairi manene ambazo Wazungu wa mashirika huziacha Dadaab wakirudi kwao, zina ugonjwa wa kutikisa kichwa. Zikishika mteremko, usukani unaanza kucheza, kushoto, kulia, kushoto, kulia, na ukishacheza mara tatu hauachi tena mpaka umemwaga mtu. Liboi kuna mwanamume ameshazikwa. Walimkuta mikono yake bado imeshika usukani.

"Nani alimkuta?" Timiro akauliza.

"Watu," Saynab akasema, akaendelea kumpimia mteja maziwa.

Timiro aliwajua hao watu wa Saynab. Ndio hao hao waliosema sukari itaisha Garissa nzima, na haikuisha. Angeweza kucheka na kusahau. Lakini mwanawe wa pekee, Mahat, alikuwa na baiskeli ya namna hiyo hiyo, na kila siku asubuhi alipita nayo kwenye mteremko.

Ulikuwa mwaka uliofuata ile mvua ya El Niño. Malisho yalikuwepo, ngamia walikuwa na maziwa, lakini barabara ya kutoka Bour-Algi ilikuwa imekatwakatwa na maji, na pikapu iliyokuwa ikileta maziwa ya akina mama mjini ilivunjika springi mara mbili, mwenyewe akaiondoa. Hapo ndipo Mahat, kijana wa miaka ishirini na mitatu, aliponunua baiskeli kwa Mzungu mmoja wa shirika la lishe aliyekuwa anafunga mizigo kuondoka kambini. Alikuwa akitoka nyumbani Bulla Iftin baada ya sala ya alfajiri, anafika Bour-Algi kwenye ngamia, anapakia, na saa mbili maziwa yako sokoni.

Upakiaji wenyewe ulikuwa na sheria, na sheria zilikuwa za Timiro. Nyuma, kwenye kareria, mitungi miwili mikubwa ya plastiki ya susa, yaani maziwa yaliyokwisha kuchachuka. Mbele, kwenye usukani, mitungi miwili ya lita kumi ya maziwa mabichi ya asubuhi hiyo, mmoja kila upande, ukining'inia kwa kamba. Mabichi hayakai karibu na susa, yataambukizwa uchachu kabla ya kufika. Yakae mbele, yapigwe na upepo, yafike baridi. Na mtungi usijazwe mpaka shingoni. Uachwe kiganja kizima kitupu juu, kifuniko kilegezwe kidogo, maana maziwa hupumua, na ukiyabana yanapata harufu. Hivyo ndivyo mama yake alivyofanya na vyombo vya kusuka vilivyobebwa na ngamia, na Timiro hakuona kwa nini plastiki na baiskeli zibadilishe jambo. Wateja walimfuata kwa sababu ya maziwa hayo. Akina mama wengine watatu walianza kupakia kama yeye.

Basi Jumamosi Mahat alipofika sokoni, Timiro hakuyapokea maziwa kwanza. Alimzunguka mwanawe kama anayenunua mbuzi. Akaona shati limerukiwa maziwa mpaka mabegani, pande zote mbili. Akashika viganja vyake, akakuta malengelenge mapya chini ya vidole. Akafungua mtungi wa mbele, akakuta povu limejaa mpaka kwenye kifuniko.

"Hooyo, unatafuta nini?" Mahat akamuuliza. Kwao mtoto humwita mama hooyo, na mama naye humwita mtoto hooyo, kwa hiyo mtu mgeni akiwasikia hajui ni nani mzazi.

"Hooyo, usukani wako unatikisika?"

Mahat alisema hautikisiki. Halafu akasema unatikisika kidogo. Halafu, mama yake alipoendelea kumtazama, akasema kwenye ule mteremko wa laga, lile korongo la mchanga linalokatiza njia karibu na mjini, unatikisika hata mikono inakufa ganzi, na kwamba wiki mbili sasa amekuwa akishuka na kuisukuma baiskeli kwa miguu mpaka ng'ambo.

"Basi endelea kushuka."

"Nikishuka napoteza karibu nusu saa, jua linapanda, maziwa yanafika ya moto. Halafu wewe ndiye wa kwanza kulalamika."

Hilo lilikuwa kweli, na Timiro hakupenda kwamba lilikuwa kweli.

Angeweza kumkataza baiskeli. Alilifikiria jambo hilo siku nzima. Lakini pamoja na hofu, kulikuwa na kitu kingine kikimkuna: alitaka kujua. Chuma kisicho na roho kinatikisaje kichwa? Ngamia akitikisa kichwa unajua ana kupe sikioni, au kamba ya pua imemkata. Unamlaza, unatazama, unatoa. Baiskeli ina sikio wapi?

Aliyejua mambo ya chuma ni Kerrow, fundi wa Land Rover mwenye kibanda cha mabati nyuma ya kituo cha petroli. Kerrow alikuwa mtoto wa rafiki wa marehemu kaka yake Timiro, na alimwita Timiro edo, shangazi, tangu akiwa mdogo. Mahat alipeleka baiskeli kwake Jumapili mchana, baada ya kushusha maziwa na kuacha mitungi nyumbani. Mitungi haikwenda kwa Kerrow hata siku moja. Timiro huifukiza kwa moshi wa kuni za harufu nzuri kila jioni, na harufu ya petroli ikiingia kwenye plastiki haitoki tena, unatupa mtungi. Kwa hiyo Kerrow aliiona baiskeli ikiwa tupu, imeoshwa, kama bibi harusi.

Timiro alifuata nyuma, akakalia tairi kuukuu la lori, akafunika pua kwa ncha ya mtandio, akatazama.

Kerrow alianza na mambo ya kawaida. Aliinua gurudumu la mbele, akalizungusha kuona kama rimu imepinda. Akagonga spoki moja moja akisikiliza mlio. Akashika breki ya mbele na kuisukuma baiskeli mbele na nyuma, kidole kimoja kikiwa kwenye shingo ya usukani, ahisi kama gololi za ndani zimelegea. Timiro akauliza gololi ni nini. Kerrow akafungua shingo, akamwonyesha: vyuma vidogo vya mviringo, vimelala kwenye grisi kama mayai ya mchwa. Akavifuta, akaweka grisi mpya, akafunga, akakaza.

"Ni nzima," akasema. "Nzima kuliko baiskeli zote za Garissa."

"Mbona inatikisika?"

"Hicho ndicho nisichokijua, edo. Lakini naweza kuizuia."

Aliingia ndani ya kibanda, akatoka na kitu kama pampu nyembamba ya baiskeli, urefu wa shubiri moja na nusu, kina fimbo ya chuma inayoingia na kutoka. Alisema ni shokapu ya usukani. Ilikuwa kwenye pikipiki moja kubwa iliyokufa zamani, na kazi yake ni hii tu: usukani ukitaka kucheza, inaukatalia. Ndani kuna mafuta yanayopita kwenye tundu dogo sana.

Alimpa Timiro aishike. Timiro akavuta ile fimbo polepole, ikaja bila ubishi. Akaivuta ghafla, ikagoma, ikawa nzito kama imeshikwa na mtu upande wa pili. Akairudisha polepole, ikarudi. Akaisukuma kwa nguvu, ikagoma tena. Akafanya hivyo mara nane au tisa, uso umemchangamka.

"Ukienda nayo taratibu inakubali kila kitu," akasema. "Ukiiharakisha inakuwa mama mkwe."

Mahat alicheka mpaka akashika mti. Kerrow alisema edo akiendelea hivi atamwandikia barua ya kazi.

Kuifunga kulichukua mchana mzima, na Timiro hakuondoka. Kerrow alikata kipande cha bati nene, akakikunja kukizunguka chuma cha fremu kinachoshuka kutoka shingoni, akaweka kipande cha mpira wa tairi chini yake ili kisiteleze wala kisikwaruze, akakikaza kwa bolti mbili. Hapo akafunga mwili wa shokapu. Ncha ya fimbo akaifunga kwenye uma unaoshika gurudumu la mbele, upande wa kulia, kwa nati yenye kufuli ya waya ili isijifungue yenyewe njiani. Nyaya za breki akazipitisha juu, mbali na fimbo. Kisha akafuta mikono, akamwambia Mahat apande.

"Ngoja," Timiro akasema.

Alisimama, akashika usukani mwenyewe, akaukata kulia mpaka mwisho. Ukaenda. Akaukata kushoto. Ukaenda nusu, ukagonga kitu, ukasimama. Alijaribu tena. Nusu, ukasimama.

"Kushoto haifiki," akasema. "Akikutana na punda kwenye kona, atakata na nini?"

Kerrow alichuchumaa, akatazama. Fimbo ilikuwa imefika mwisho wake kabla ya usukani kufika mwisho wake. Shokapu ilikuwa imegeuka kuwa kizuizi. Akalegeza bolti, akasogeza kishikizo vidole viwili chini, akakaza tena, na safari hii akamwachia Timiro ajaribu kwanza. Kulia mpaka mwisho. Kushoto mpaka mwisho, na fimbo bado imebakiza nafasi ya ukucha pande zote. Kerrow alisema miaka kumi na minne ya ufundi na hajawahi kukaguliwa na muuza maziwa. Lakini alisema kwa heshima.

Mahat aliijaribu kwenye mteremko wa kuelekea mtoni, karibu na daraja la Tana. Alishuka mara tatu, mara ya tatu akiwa ameshika usukani kwa vidole viwili tu kila mkono. Haukutikisika hata kidogo. Alirudi anameremeta. Akasema ni kama mtu ameuwekea usukani mkono begani.

Timiro akalala vizuri. Hata alijisifu kidogo sokoni. Rukiyo, mmoja wa wale walioiga upakiaji wake, alimuuliza kile kichuma kilichofungwa kwenye baiskeli ya Mahat ni nini, na Timiro akamweleza mafuta, tundu, fimbo, kila kitu, kwa sauti ya kutosha kufika kwa Saynab.

Na alimwambia Mahat neno moja ambalo baadaye angelipa chochote kulirudisha. Jumatatu asubuhi, alipokuwa anamfungia mkanda wa kareria, alimwambia: "Sasa huna haja ya kushuka pale kwenye laga."

Jumatatu alipita salama. Jumanne alipita salama, na akafika sokoni dakika kumi kabla ya saa mbili, maziwa baridi. Jumatano vilevile. Alhamisi saa mbili ilipita. Saa mbili na nusu ikapita. Wateja wa maziwa mabichi walisimama na vikombe vyao, wakaanza kutazamana. Saa tatu akatokea Nunow, mzee wa mkokoteni wa punda anayeleta kuni kutoka upande ule, akiwa hana kuni. Alikuwa ameziacha njiani ili punda akimbie.

"Timiro, yuko hai," ndilo neno lake la kwanza, na Timiro mpaka leo humwombea dua kwa kuanza na hilo.

Walikwenda pamoja kwenye mkokoteni. Mahat alikuwa ameketi chini ya mteremko wa laga, mgongo kwenye ukingo wa mchanga, mkono wa kushoto ameukumbatia kwa wa kulia. Bega la kushoto lilikuwa limeshuka vibaya. Baiskeli ilikuwa imelala mbali kidogo, gurudumu la mbele limepinda kama sahani. Mchanga uliomzunguka ulikuwa umelowa maziwa, na siafu walikuwa wameshafika.

Timiro alitoa mtandio wake, Nunow akautumia kuufunga mkono wa Mahat kifuani, akampandisha mkokotenini polepole. Mahat hakulia. Alisema tu kwamba ndara yake moja ilimvuka kule juu, na mama yake akaichukue, kana kwamba jambo la maana siku ile lilikuwa ndara.

Timiro alipanda mteremko kuitafuta. Aliikuta hatua arobaini juu. Akainama kuiokota, na hakuinuka.

Watu wa mjini wakitazama mchanga wanaona mchanga. Timiro alizaliwa karibu na Diff, na kabla hajaingia shule alikuwa ameshatumwa kufuata ngamia jike aliyepotea, akamfuata siku mbili kwa nyayo tu, akijua wapi alikula, wapi alisimama, wapi alianza kuchechemea na kwa mguu upi. Chini ya ile ndara palikuwa na alama ya tairi la Mahat, imechapwa safi kwenye vumbi laini. Na kando ya alama ya tairi palikuwa na alama nyingine. Maziwa.

Juu kabisa, mahali mteremko unapoanza, tairi limekwenda moja kwa moja kama uzi. Hapo hapo, huku tairi likiwa bado limenyooka, palikuwa na matone ya maziwa upande wa kulia. Hatua moja mbele, matone upande wa kushoto. Halafu kulia, mengi zaidi. Halafu kushoto. Tairi bado limenyooka. Ndipo, baada ya matone ya mara ya tano, alama ya tairi ikaanza kupinda kidogo, ikifuata. Matone kulia, tairi linakwenda kulia. Matone kushoto, tairi linakwenda kushoto. Kadiri alivyoshuka, ndivyo matone yalivyokuwa madimbwi na mpindo ulivyokuwa nyoka, mpaka mahali ambapo tairi lilikatika ghafla na mchanga ukafukuliwa.

Alipanda tena mpaka juu, akashuka tena, akiwa ameinama, ndara mkononi. Nunow alimwita mara mbili. Hakukuwa na kosa katika kusoma. Maziwa yalitangulia. Gurudumu lilifuata.

Mkokotenini alishika kichwa cha Mahat mapajani ili kisitikiswe na mashimo, na akamuuliza jambo moja tu.

"Ulihisi wapi kwanza? Kwenye gurudumu au kwenye mikono?"

Mahat alifumba macho akafikiria. "Kwenye mikono. Mitungi ilinivuta. Usukani ulikuwa umetulia kabisa, ile shokapu imeushika, na mitungi inanivuta. Nikajua usukani umeshikwa, nikaiachia baiskeli iende. Halafu ikawa imeshaenda mno."

Mkokoteni ukafika hospitalini. Huko walimwambia mfupa wa mtulinga umevunjika, wiki sita mkono usitoke kwenye kitambaa, na kwamba kama angeanguka kwa kichwa wangekuwa wanazungumza mambo mengine.

Kesho yake, baada ya sala ya Ijumaa, alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alichukua ile mitungi miwili ya mbele, iliyofukizwa miaka mingi, akaibeba mwenyewe mpaka kwenye kibanda cha Kerrow, katikati ya petroli na mafuta machafu. Baiskeli ilikuwa imeshapelekwa huko. Kerrow alikuwa ameifungua shokapu, akaikagua, na alikuwa mnyonge kama aliyemsukuma Mahat kwa mkono wake. Alisema haijavuja, haijapinda, bolti hazijalegea. Haelewi.

"Weka gurudumu jingine," Timiro akamwambia. "Na uniletee maji."

Aliijaza mitungi kama alivyoijaza maziwa siku zote, kiganja kizima kitupu juu, kifuniko kimelegezwa, akaining'iniza kwenye usukani kwa kamba zile zile. Kerrow aliinua sehemu ya mbele ya baiskeli kwa jeki ya gari, gurudumu likawa hewani. Kwanza waliitoa mitungi: Timiro akapiga usukani kofi dogo, ukaenda, ukasimama. Kisha wakairudisha. Akapiga kofi lile lile dogo. Usukani ukaenda kulia na maji yakaenda kulia. Maji yakagonga ukuta wa mtungi, yakarudi, yakauvuta usukani kushoto. Mtungi nao ukabembea kwa kamba yake. Usukani ukarudi kulia. Hakuna aliyekuwa ameugusa, na ulikuwa bado unakwenda na kurudi, na maji yanaruka chini ya kifuniko yakilowesha viatu vya Kerrow, upande huu, upande ule.

Kerrow akaifunga shokapu, Timiro akapiga kofi tena. Mwanzoni usukani ulitulia. Kerrow akapiga makofi mengine mawili, matatu, kama mashimo ya barabarani yanavyopiga. Ile shokapu ilishikilia, ikashikilia, halafu maji yakaizidi, na usukani ukaanza kwenda taratibu, mzito, haurudishiki kwa mkono mmoja.

Waliutazama wote wawili mpaka uliposimama wenyewe.

"Edo," Kerrow akasema, "mbona hukuniletea hii mitungi siku ya kwanza?"

"Ungeitia harufu."

Kerrow alitikisa kichwa. "Ningeiona, nisingefunga kitu. Ningefungua kamba hizi tu. Mimi nilimfungia kijana kitu cha kumwambia hakuna hatari."

"Na mimi nilimwambia kwa mdomo," Timiro akasema.

Alirudi nyumbani na mitungi ikinuka petroli. Hakuitupa siku hiyo. Aliiweka karibu na mkeka wa Mahat, akamweleza yote, jinsi alivyosoma njia na jinsi maji yalivyofanya. Mahat alisikiliza, akauliza kama maji yangejaa mpaka shingoni ingekuwaje. Timiro akasema walijaribu: yakijaa hayana pa kukimbilia, hayachezi, lakini mtungi unaoning'inia bado unabembea. Mahat akasema basi nyuma, chini, na kubana kwa mpira. Wakakaa wakibishana hivyo mpaka magharibi, na hiyo ndiyo mara ya kwanza tangu Alhamisi Mahat kusahau bega lake.

Lililobaki lilikuwa gumu kuliko yote. Jumamosi Timiro alikwenda sokoni bila maziwa, akawaita wale watatu waliompa heshima ya kuiga mkono wake. Aliwaambia kijana wake ameanguka kwa sababu ya sheria za mama yake: maziwa mabichi mbele, na kiganja kitupu juu. Mume wa Rukiyo alikuwa barabarani wakati huo huo, mitungi miwili kwenye usukani.

Rukiyo alikataa kwanza. Alisema maziwa ya nyuma yatapigwa na jua, yatakaa karibu na susa, yatachacha, na wateja watarudi kwa nani?

"Yakichacha niletee mimi, nitayanywa," Timiro akamwambia. "Mfupa wa mumeo nikuletee nani auunge?"

Rukiyo aliondoka bila kuaga. Baada ya muda kidogo wakamwona amejifunga mtandio kiunoni, anatembea haraka kuelekea njia ya Bour-Algi, kumpokea mumewe kabla hajafika kwenye laga.

Mahat alirudi kwenye baiskeli baada ya wiki nane. Bega moja liko chini kidogo kuliko jingine mpaka leo. Shokapu bado imefungwa, na inafanya kazi yake ndogo kwenye mashimo madogo. Maziwa mabichi yapo nyuma, yamefunikwa gunia lililoloweshwa maji. Wateja wawili walisema si matamu kama zamani, wakahama. Na kila mwenye kijana anayebeba maziwa kwa baiskeli, Timiro humtajia haya ya kuepuka, naye huyataja kwa utaratibu huu:

Usining'inize chochote kwenye usukani, hata kama ni kidogo, hata kama ni leo tu.

Usibebe mtungi wa maziwa au maji uliojaa nusunusu. Ujaze mpaka shingoni, maziwa yatapumua yakifika.

Usibebe mtungi uliofungwa kwa kamba ndefu. Ubanwe kwa mpira, chini, karibu na gurudumu la nyuma.

Usimpelekee fundi baiskeli tupu kama hatari huja ikiwa na mzigo. Mpelekee na mzigo wake, hata ukipata harufu.

Usifunge shokapu ya usukani kabla ya kujua usukani unatikiswa na nini.

Ukishaifunga, usipande kabla ya kukata usukani kulia mpaka mwisho na kushoto mpaka mwisho.

Usipitishe nyaya za breki karibu na fimbo yake.

Usishuke laga umeipanda baiskeli, mchanga ukiwa mkavu au umelowa. Teremka, usukume.

Na wewe mama, usimwambie mwanao kwamba sasa hakuna haja ya kushuka.